Sauti Arobaini na Moja za Krista

Waino Saarela hakuwahi kupoteza faili la mtu. Hilo ndilo alilojivunia, na kusema kweli hakuwa na mengine mengi ya kujivunia. Mke hakuoa. Nyumba aliachiwa na mama yake. Gari lake lilikuwa limeliwa na kutu milango yote minne, kwa ile chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji. Lakini faili, hata moja. Alifanya kazi miaka thelathini na mitatu katika kampuni ya simu, kwanza akipanda nguzo, halafu akaingizwa ndani, kwenye chumba cha mitambo chenye joto na kompyuta za Unix zilizokuwa hazizimwi mwaka hadi mwaka. Siku alipostaafu meneja alisimama akasema mbele za watu, "Huyu bwana hajatupotezea kitu." Waino aliinamisha kichwa akala keki. Sisi Wafini wa mji huu wa Hancock, wajukuu wa wahamiaji, ndivyo tulivyo, ukitusifu tunanuna kama tumetukanwa, kisha tunayakumbuka maneno hayo hadi kaburini.

Baada ya kustaafu akaanzisha kazi ya Jumamosi. Katika ukumbi wa chini wa kanisa letu la Kilutheri watu huleta kompyuta zao kuukuu, zile ambazo dukani wameambiwa wazitupe, na Waino pamoja na rafiki yake Cliff Trembath huzitia Linux, mfumo wa bure, na kuzirudishia uhai. Hawatozi kitu. Ukileta mkate wa iliki wa kula na kahawa, umelipa. Kompyuta nzima hufufuliwa kwa fleshi moja isiyozidi kidole gumba: unauandika mfumo mpya kwenye fleshi, unaichomeka, kompyuta inaamkia kwenye fleshi badala ya diski yake ya ndani, basi, imekuwa mpya.

Ugumu uko kwenye kuitengeneza hiyo fleshi. Siku hizi zipo programu zenye vitufe vya rangi na maonyo mekundu, lakini Waino aliziona ni mambo ya kitoto. Yeye alitumia amri ya herufi mbili tu, dd, aliyoijua tangu hajaota mvi. Amri hiyo haina maswali. Unaiambia chukua hiki, ukiandike pale, nayo inaandika, hata kama pale pana roho ya mtu. Na hapo "pale" hutajwa kwa jina fupi: diski ya kwanza huitwa sda, ya pili sdb, ya tatu sdc. Kompyuta huzigawa herufi hizo kila inapowashwa, kwa kufuata nani ameitika kwanza. Leo wewe ni sdb. Kesho ukichelewa kuitika, wewe ni sdc, na jina lako la jana amepewa mwenzako.

Ndiyo maana pale mezani palikuwa na desturi. Kabla ya kubonyeza Enter, anayeandika husoma kwa sauti jina la diski na ukubwa wake, na mwenzake hutazama skrini kwa macho yake mwenyewe ndipo ajibu. Waino ndiye aliyeileta desturi hiyo, na aliisimamia kuliko mchungaji anavyosimamia sadaka.

"Fleshi, sdb, giga kumi na sita," Waino angesoma.

"Nimeiona," Cliff angejibu, mdomo umejaa pasti, mkate uliojazwa nyama na viazi.

"Umeiona kweli, au unatafuna tu?"

"Mzee, mimi naona kwa macho, natafuna kwa meno. Nyie Wafini ndio mnaotumia kiungo kimoja kimoja."

Mababu wa Cliff walitoka Cornwall kuja kuchimba shaba kabla ya mababu zetu, naye hakukubali tusahau hilo. Watu wakicheka, Waino hachekeshwi. Angebaki ameshika kidole hewani juu ya kibodi mpaka Cliff ameze, atazame upya, na kusema vizuri. Ukutani nyuma yao alikuwa amebandika kipande cha boksi, ameandika kwa kalamu nene: KITU CHENYE NAKALA MOJA HAKIPO.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili aliingia Verna Heikkila, amebeba kompyuta ya mapajani iliyofungwa kwenye taulo. Verna alikuwa mpishi wa shule, mama mwenye mikono minene na sauti ya kuita watoto mia mbili waje kula. Yeye na Waino walipata kipaimara siku moja, wakiwa na miaka kumi na minne. Siku hiyo alikuja akipapasa viti njia nzima.

"Waino, ni wewe huyo?" alisema. "Naona kingo zako tu. Katikati huna kitu."

"Katikati sijawahi kuwa na kitu, Verna. Kaa."

Verna alikaa, akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwisha. Macho yake yalikuwa yanakufa kuanzia katikati kwenda nje, na daktari alikuwa ameshamwambia kwamba hakuna dawa. Alifungua taulo polepole.

"Hii ya Krista," alisema.

Hakuna aliyehitaji kuuliza Krista nani. Alikuwa binti yake wa pekee, aliyekufa kwa saratani miaka minne iliyopita akiwa na thelathini na sita, katika chumba cha juu cha nyumba ya mama yake. Nusu ya mji ilimzika.

"Ule msimu wake wa mwisho wa baridi alikuwa akinirekodia," Verna akaendelea. "Anajifungia chumbani, anaongea na kompyuta. Nikipanda na supu ananyamaza. Mwishoni akaniambia, mama, ni za kwako, ziko arobaini na moja, sikiliza ukiwa tayari."

"Na ulisikiliza?" Cliff aliuliza.

"Hata moja."

"Miaka minne?"

"We Cliff, usiniangalie hivyo, nakuona hata kama sikuoni. Kila nikitaka kufungua, mkono unagoma. Nikasema ngoja kwanza nitazame picha. Nikatazama picha mpaka nikazichoka. Sasa picha ndiyo hivyo tena. Nikiweka uso wake mbele yangu, uso ndio unaopotea, nabaki na masikio na nywele." Alipapasa kifuniko cha kompyuta. "Nikasema basi, sasa niko tayari, nitasikiliza. Juzi nimewasha. Haiwaki. Inalia tik, tik, tik."

Cliff aliacha kutafuna. Waino aliujua mlio huo. Ni sauti ya diski inayokata roho, na ukiisikia unahesabu saa, si siku.

"Usiiwashe tena," alisema. "Niachie."

"Utaweza?"

"Verna, sijawahi kupoteza faili la mtu."

Alisema vile si kwa majivuno. Alitaka tu mama wa watu apate usingizi. Lakini neno likishatoka limetoka.

Nyumbani aliing'oa ile diski, akaiunganisha kwa waya na kompyuta yake, akavuka daraja kwenda mji jirani wa Houghton kununua diski mpya ya nje, nyeusi, ya kunakilia. Kazi ya namna hiyo ina kanuni: cha thamani kwanza. Diski inayokufa inaweza kunyamaza wakati wowote, kwa hiyo hutangulizi takataka. Kulikuwa na folda iliyoitwa Kwa Mama, na ndani yake rekodi arobaini na moja. Waino alianza na hizo. Alikaa ameinama juu ya skrini roho mkononi, akihesabu moja moja zikivuka, na ya arobaini na moja ilipofika aligundua kwamba alikuwa ameshika ukingo wa meza mpaka vidole vimekufa ganzi. Baada ya hapo ndipo akaziruhusu picha. Zilichukua siku mbili. Siku ya tatu diski ya Krista ilitoa mkwaruzo wa kuumiza meno, kisha kimya, na haikuamka tena. Lakini ilikuwa imeshatema kila kitu.

Alimpigia Verna simu. "Zote," alisema. "Arobaini na moja. Ziko kwangu."

Waino alisikia simu ikiwekwa juu ya meza, na mtu akipenga kamasi, na bomba la maji likifunguliwa na kufungwa bila sababu.

"Uniletee Jumamosi," alisema aliporudi.

Hapo Waino angesema ndiyo, akaishia hapo, leo tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini alifikiria yale macho. Aliwaza Verna atakavyopapasa kutafuta faili kwenye skrini asiyoiona. "Nitakuletea na kompyuta yenyewe," alisema. "Naitia diski mpya na mfumo mpya. Nitaipanga ubonyeze kitufe kimoja tu, kikubwa, ianze kusema."

"Kitufe kimoja?"

"Kimoja. Ukikibonyeza tena inanyamaza."

"Waino Saarela," Verna alisema, "kumbe una kitu katikati."

Basi yule mtu, kwa furaha hiyo, akasahau boksi lake mwenyewe la ukutani. Siyo kwamba alisahau hasa. Alijua kabisa kwamba sauti za Krista sasa ziko mahali pamoja tu duniani, kwenye diski ile nyeusi iliyochomekwa kwenye kompyuta yake, na kwamba angemkuta mtu mwingine amefanya hivyo angemsomea waraka mzima. Alijiambia nakala ya pili atafanya akimaliza kuitengeneza kompyuta. Mganga hajigangi.

Alhamisi alitengeneza fleshi. Alikuwa peke yake, hakuna Cliff wa kumwitikia, lakini alifuata desturi hata hivyo. Alitoa orodha ya diski, akasoma kwa sauti jikoni mwake kama kichaa, "Fleshi, sdb, giga kumi na sita. Diski ya Verna, sdc, tera moja," akajijibu mwenyewe, "Nimeiona." Akabonyeza Enter. Kila kitu kilikwenda sawa. Ila alipoichomeka fleshi kwenye kompyuta ya Krista, haikuamka. Alichunguza akakuta faili la mfumo alilolipakua lilifika na kasoro. Akalipakua upya, na kwa kuwa laini yetu ya huku huenda kwa kujivuta, lilipomalizika ilikuwa saa ya kula. Akairudisha fleshi mahali pake, akazima kompyuta kama mama yake alivyomfundisha kuzima kila kitu chenye umeme, akaenda kula viazi.

Ijumaa asubuhi aliwasha. Fleshi ilikuwa imechomekwa, na diski nyeusi ilikuwa imechomekwa. Na asubuhi hiyo diski nyeusi iliitika kwanza.

Mimi nimekaa miaka mingi na watu wa kazi hii, na ninaweza kukuambia kosa lao hasa ni lipi. Hawaponzwi na kutojua. Wanaponzwa na kile kitufe cha mshale wa juu. Ukikibonyeza, kompyuta inakurudishia amri uliyoiandika mwisho, herufi kwa herufi, ili usijichoshe kuiandika upya. Waino alikuwa ameshika kikombe cha kahawa mkono wa kushoto. Alibonyeza mshale kwa mkono wa kulia. Amri ya jana ikajitokeza, ile ile aliyoisoma kwa sauti, aliyoihakiki na kuijibu, na jana ilifanya kazi bila doa. Ilionekana safi kwa sababu ilikuwa safi, jana. Akabonyeza Enter, akaandika nywila yake, akanywa kahawa.

Kilichomshtua ni taa. Fleshi yake ina taa ndogo ya kijani ambayo hupepesa ikiandikwa. Haikuwa ikipepesa. Alitazama namba kwenye skrini, zilikuwa zinakimbia mno, fleshi ya bei rahisi haina mbio zile. Kisha akaona taa ya buluu ya diski nyeusi ikipepesa upesi upesi. Aliachia kikombe. Aling'oa waya kwa nguvu hata tundu likapinda.

Zilikuwa zimepita sekunde thelathini, labda. Giga tatu zilikuwa zimeshaandikwa.

Giga tatu ndani ya diski ya tera moja ni kitu kidogo, ni kama kumwaga wino kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu kinene. Waino alilijua hilo, na kwa mchana na usiku mzima lilimpa matumaini, hayo matumaini mabaya yanayomnyima mtu chakula. Kuna programu inayopekua diski iliyoharibika kipande kwa kipande na kuokota kilichobaki. Aliiendesha. Picha zikaanza kurudi, bila majina, bila mpangilio, kwa mamia: Krista kwenye baiskeli, Krista na samaki, keki, mbwa, theluji, mlango wa gari, Krista amenyoa nywele. Zilirudi elfu saba na mia tisa.

Rekodi haikurudi hata moja. Diski ilikuwa mpya, tupu, na vitu viliingia kwa zamu kuanzia mwanzo. Vilivyoingia kwanza ndivyo vilivyokaa mwanzo, na mwanzo ndiko ile amri ilikopitia. Angezinakili ovyo ovyo, za mwisho kabisa, baada ya mbwa na milango ya magari, zingekuwa salama. Alizitanguliza kwa sababu alizithamini, na kwa kuzitanguliza aliziweka pale pale palipofutwa. Alipolielewa hilo aliketi sakafuni karibu na jiko, mzee wa miaka sabini na mbili, akalia kwa sauti. Hakulia hivyo hata alipomzika mama yake.

Jumamosi hakwenda kanisani. Saa sita Cliff alimfuata nyumbani, akaingia bila kubisha, viatu vimejaa theluji.

"Kuna kompyuta sita zinakusubiri, we mzee, na mimi nimeachiwa peke yangu kama mjane," alisema, kisha akamwona usoni. "Nani kafa?"

Waino alimwonyesha skrini. Cliff hakuhitaji kuelezwa mengi. Alivuta kiti akakaa bila kuvua koti.

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Siku yenyewe?"

"Jana yake."

Cliff alifungua mdomo, na Waino akangoja dhihaka ije. Angeipokea kwa shukrani. Haikuja.

"Ile diski yenyewe ya Krista, ipo?" Cliff aliuliza.

"Ipo. Imekufa."

"Kuna watu Chicago wanafungua diski zilizokufa. Wanazifungua kabisa, ndani ya chumba kisicho na vumbi. Tuitume."

"Tuitume."

"Na Verna umwambie leo."

"Nikipata jibu la Chicago."

"Leo, Waino. Mtu anangoja."

"Nikisema leo halafu Chicago wakazipata, nitakuwa nimemuua bure."

"Na wasipozipata?"

Waino aliinuka kutafuta boksi la kuifungia diski. Waliituma, na yakaanza majuma matatu ambayo mpaka leo siwezi kumtetea. Alimpiga Verna kalenda. Mtu ambaye maisha yake yote hakusema uongo hata wa kukwepa mkutano wa usharika, alijifunza uongo akiwa na miaka sabini na mbili, na akaujua vizuri. Verna alikuwa akipiga simu kila baada ya siku mbili.

"Zimefikia wapi?"

"Nasubiri kifaa fulani, Verna. Barabara mbaya."

"Sawa, usiharakishe. Unajua nimefanya nini? Nimesafisha chumba cha juu. Nimesema nitasikilizia huko huko alikorekodia. Moja kwa siku, ili zisiishe upesi. Zitanifikisha mwezi wa nne."

"Vizuri," Waino alisema.

"Unafikiri ananiambia nini humo?"

"Sijui, Verna."

"Tulikuwa tumegombana, unajua. Kabla hajaugua. Sijui kama amelisema hilo. Lazima amelisema. Katika arobaini na moja!"

Kila akikata simu Waino alikuwa akisimama pale pale sebuleni mkono ukiwa bado juu ya simu. Chakula kilimshinda. Usiku na mchana vilimwia kitu kimoja. Mara mbili alivaa koti aende kwa Verna, akafika kwenye kona ya barabara yake, akageuka. Alikuwa mwoga, na alijua kwamba ni mwoga, na kujua huko hakukumsaidia chochote.

Jibu la Chicago lilikuja kwenye barua ya mistari minne. Kichwa cha diski kilikuwa kimekwaruza sahani zake mpaka kuondoa kila kilichoandikwa. Hakuna kinachoweza kupatikana. Walimrudishia diski ndani ya mfuko wa plastiki.

Alimpigia Verna kwamba anakuja, akaenda Jumanne, saa nane mchana. Alibeba kompyuta ya Krista, maana alikuwa ameshaimaliza, na diski yenye picha. Verna alifungua mlango kabla hajabisha. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na hereni, na jikoni kulikuwa na kahawa na mkate wa iliki uliokatwa vipande vinene.

"Nimesikia gari lako," alisema. "Hilo gari hata kiziwi analisikia. Kaa kwanza ule. Hapana, usikae, tupande juu. Au ule kwanza?"

"Verna, kaa."

Kuna namna ya kusema "kaa" ambayo mtu akiisikia anajua. Verna alipapasa kiti akakaa. Waino alibaki amesimama, kofia mkononi, akasema yote bila kuficha. Alisema kuhusu Ijumaa na mshale wa juu. Alisema zilikuwa mkononi mwake salama na yeye ndiye aliyezifuta, si diski, si kompyuta, yeye. Alisema kuhusu Chicago, na kwamba majuma matatu alikuwa akimdanganya. Hakuomba msamaha mpaka alipofika mwisho, na alipoomba sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba saa ya ukutani ilisikika zaidi.

Verna alikuwa ameuelekeza uso dirishani. Kahawa ilipoa.

"Picha zimepatikana," Waino alisema, kwa sababu hakuweza kuvumilia. "Karibu zote. Elfu saba na mia tisa."

"Picha," alisema Verna.

"Ndiyo."

"Za kufanyia nini, Waino?"

Waino aliiweka ile diski mezani karibu na mkate, halafu akaona haya, akaisogeza pembeni.

"Zote zimekwenda?" Verna aliuliza. "Hakuna hata ya katikati? Hata nusu?"

"Hakuna."

"Ulisikiliza?"

"Nini?"

"Zilipokuwa zipo. Ulisikiliza?"

"Moja. Mwanzo wake tu, kuhakikisha zinafunguka."

Verna aligeuka. Alimgeukia uso mzima, na yale macho yasiyoona katikati yakawa yanamtafuta, yakipita pembeni mwa kichwa chake.

"Alisema nini?"

"Alikohoa. Halafu akasema, 'Mama, leo theluji imefika dirishani.'"

"Halafu?"

"Nikaifunga."

"Hukumsikiliza akimaliza?"

"Haikuwa yangu, Verna. Alikuwa anaongea na wewe. Niliona siyo heshima."

Mikono ya Verna ilikuwa juu ya meza. Aliikusanya, akaiweka mapajani.

"Ungesikiliza," alisema. "Zote, mpaka mwisho. Hilo ningekusamehe."